Nzi wa Rafu ya Juu

Jumatatu, 1 Septemba

Mama mkwe ameua nzi mezani leo, kwa kandambili, halafu akaniuliza kama marehemu alikuwa mwajiriwa mwenzangu. Nikamwambia nzi wangu ni wa matunda, wadogo kama punje ya mtama, na hawana nafasi ya kutembelea watu. Akasema kama ni wadogo hivyo basi hata mshahara wao ni wa kununulia chumvi. Mume wangu kacheka mpaka chai ikampalia. Mtu na mama yake!

Alikuja kwa wiki moja, kwa ajili ya goti. Goti limepona, yeye bado yupo. Sisemi kitu. Anamsuka binti yangu nywele bila mtoto kulia, na hilo mimi sijawahi kuliweza.

Kazini moto umewaka. Profesa wetu kaingia maabara mbio, kama kawaida yake — ndiyo maana tunamwita Chapuchapu, akiwa hayupo. Jopo litakaa Jumanne, tarehe 21 Oktoba. Watu wanne, mwenyekiti Mkurugenzi mwenyewe, yule mama asiyecheka. Watatusikiliza, kisha wataamua mradi uendelee au chumba wapewe watu wa utafiti wa samaki. Mradi ukifa, mkataba wangu unakufa nao, na nzi wangu wote wanaingia kwenye friza. Miaka mitatu nawalisha!

Chapuchapu hana hofu. Anasema tuna grafu, na grafu ile haihitaji mtu wa kuitetea. Ni kweli, ni grafu nzuri. Nimeibandika hata kwenye mlango wa friji nyumbani, juu ya picha ya harusi.

Jumanne, 2 Septemba

Karata baada ya chakula. Mama mkwe anaiba mchana kweupe. Akipata mkono mzuri na raundi ikaisha, hataki karata zichanganywe. Anazikusanya taratibu, anazipanga zilezile, anazigawa hivyohivyo. "Mkono mtamu hauchanganywi!" Akipata mbaya, hapo ndipo anapiga kelele kwamba watu wavivu, changanyeni hizo karata, changanyeni vizuri!

Nikamwambia mama, hicho unachofanya ndicho ninachokichunguza kazini. Akanitazama kama nimemwambia nalipwa kwa kulala. Nikaanza kueleza, mume wangu akaanza kupiga miayo, nikanyamaza. Lakini wewe, daftari langu, huwezi kupiga miayo. Sikiliza.

Kila kiumbe kina karata mbili mbili: za mama na za baba. Kabla ya kutengeneza yai, mwili unazikata na kuzipachanya — kipande cha bibi huku, kipande cha babu kule — ndipo unampa mtoto. Wengine wanachanganya sana, wengine kidogo. Na kiasi hicho cha kuchanganya chenyewe kinarithiwa! Kwa hiyo uteuzi asilia unaweza kukipandisha au kukishusha. Hapo ndipo utamu ulipo. Maisha yakiwa yaleyale kila siku, aliye na mkono mzuri anapata hasara akiuchanganya. Anauharibu. Lakini maisha yakibadilika kila mara, mkono wa jana ni takataka leo, na anayechanganya sana huenda akazaa mtoto mwenye mkono unaofaa. Na mtoto yule akipona, anaondoka pia na ile tabia ya kuchanganya, imempanda mgongoni bila nauli.

Basi mimi nina koo mbili za nzi. Ukoo mmoja unakula chakula kilekile miaka yote mitatu. Ukoo wa pili ninaubadilishia kila kizazi: mara chumvi, mara siki, mara pombe. (Kizazi cha pombe wanatembea kama baba wa jirani yetu.) Na ukoo wa pili sasa unachanganya zaidi! Ishirini na tatu katika mia, na wenzao kumi na saba. Grafu ndiyo hiyo.

Mama mkwe kashinda raundi tano. Bila kuchanganya.

Alhamisi, 4 Septemba

Jamani. Jamani jamani jamani.

Leo nilikuwa nasafisha chumba cha nzi. Nikaokota kipimajoto kwenye rafu ya chini, mikono imejaa chupa, nikakiweka rafu ya juu ili niendelee. Nikasahau. Nilipokuja kukichukua — nyuzi ishirini na tisa. Nikakitikisa. Nikakirudisha chini: ishirini na tano. Juu: ishirini na tisa. Chini, juu, chini, juu, kama kichaa.

Ni taa. Taa zimekaa palepale juu ya rafu, zinaipasha mchana kutwa.

Na rafu ya juu wanakaa nani? Wa chakula cha kubadilika! Ni Chapuchapu aliyepanga hivyo siku ya kwanza kabisa: hawa wanaoshughulikiwa kila mara wakae juu, mkono ufike haraka. Wa chakula kilekile wakae chini.

Na joto — hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua — nzi jike akipata joto anachanganya zaidi. Papo hapo. Bila uteuzi wowote, bila mageuzi yoyote. Mtoe kwenye joto, anarudi kama alivyokuwa.

Kwa hiyo huenda grafu yangu nzuri inaonyesha taa.

Nimekaa sakafuni kati ya rafu mbili. Nzi wa juu walikuwa wanatembea tu ndani ya chupa zao, hawana habari.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimemwambia Chapuchapu. Alikuwa anakula karanga amesimama (huyu baba hakai), akaacha kutafuna. Akapanda kwenye stuli, akaweka kiganja kwenye taa, akashuka. Akasema: "Umemwambia nani mwingine?"

Hapo nikajua leo tutagombana. Na tuligombana.

Yeye: grafu iende kama ilivyo, tutapima tena mradi ukishapita. Mimi: profesa, nitasimama vipi mbele ya watu niseme uteuzi asilia wakati huenda ni balbu? Yeye: *huenda*, umesema mwenyewe huenda! Mimi: ndiyo maana tupime sasa. Yeye: na tukipima ikawa balbu kweli?

Kisha akaketi. Kaketi! Akasema kwa sauti ya chini kwamba chumba hiki kikichukuliwa yeye atafundisha mwaka wa kwanza mpaka ndevu zianguke, lakini mkate ataupata. Wewe je? Una mkataba mwingine? Nilijifungia chooni, nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Nilipotoka alikuwa tayari amehamisha chupa. Koo zote mbili, rafu moja, ya katikati, na taa ya juu ameing'oa kabisa waya zinaning'inia. "Haya," akasema, "anza. Lakini uwahi."

Sijui nimpige au nimkumbatie.

Jumapili, 7 Septemba

Hesabu niliyoipiga. Kizazi kimoja wakae pamoja katika joto moja, joto la zamani liwatoke mwilini. Kisha nawaoza na ukoo wa alama: nzi weusi wenye mabawa mafupi ya vibutu, hawaruki, wanajirusharusha tu (wangu ni kahawia, mabawa marefu). Mabinti wa ndoa hiyo wana karata za pande zote mbili. Mabinti hao nao nawaoza kwa madume weusi wa vibutu. Wajukuu ndio jibu. Mjukuu akiwa kahawia na mabawa marefu, au mweusi na vibutu, karata zimekuja kama zilivyofungwa. Lakini akiwa mweusi na mabawa marefu, au kahawia na vibutu — huyo amechanganywa. Unahesabu tu.

Nikiwa sijakosea, napata jibu kabla ya jopo, na siku za kupumua juu yake.

Mume wangu aliniuliza mbona grafu haipo kwenye friji. Nikasema nimeitoa nifute vumbi.

Jumanne, 16 Septemba

Harusi zimefungwa. Chupa kwa chupa. Bibi harusi wa rafu ya juu, bibi harusi wa rafu ya chini, mabwana weusi wasioruka. Nimewatakia uzazi mwema.

Mama mkwe amejua habari ya taa. Mume wangu ndiye aliyempasha, mdomo wake hauna kufuli. Alikuja jikoni akanikuta nasonga ugali, akasimama mlangoni, akasema: "Mwanangu, hivi ungenyamaza nani angejua?"

Nikasema hakuna, mama.

Akasema basi una kichwa kigumu kama mwanangu, mmepatana. Akachukua mwiko mkononi mwangu, akanifukuza jikoni. Sijui lilikuwa tusi au sifa. Kwa mama yule ni vyote viwili.

Jumamosi, 27 Septemba

Binti ana homa. Anatapika. Siku zote za mwaka, leo! Mabinti wa nzi wanatoka leo na kesho, na lazima watengwe mara tu wanapotoka, kabla madume hayajawafikia. Nzi hana adabu, saa chache tu tangu atoke na tayari anatafuta mchumba.

Nimempigia Chapuchapu. Kafurahi kama mtoto aliyepewa puto. Anasema miaka kumi hajashika brashi ya nzi, ataifanya yeye mwenyewe, tena yote, pamoja na harusi ya pili, nimuuguze mtoto. Nikamwambia profesa, polepole tafadhali. Akasema polepole ndilo jina lake la pili.

Mtoto kalala. Mama mkwe amemshika miguu, anamsimulia hadithi ya sungura ambayo haina mwisho.

Jumatatu, 29 Septemba

Mtoto mzima, anadai biskuti. Kazini, chupa zote zimepangwa safi, lebo zimeandikwa kwa mwandiko wa daktari. Chapuchapu anatembea kifua mbele. Amemaliza *yote*! Nimemshukuru kutoka moyoni.

Chupa zilizobaki za harusi ya kwanza alitaka kuzitupa. Nikamwambia aache, sina haraka ya kuosha vyombo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wajukuu wametoka. Nikawalaza kwenye barafu, nikawamimina chini ya hadubini, brashi mkononi.

Kahawia mrefu. Mweusi kibutu. Kahawia mrefu. Kahawia mrefu. Mweusi kibutu. Mweusi kibutu.

Chupa ya kwanza — hakuna hata mmoja aliyechanganywa. Nikasema bahati mbaya. Chupa ya pili hakuna. Ya tatu hakuna! Wa juu hakuna, wa chini hakuna. Nimehesabu mpaka macho yakatoa machozi: sifuri.

Nilidhani nimepoteza akili. Nilidhani Mungu ameamua kuifuta sayansi kuanzia chumbani kwangu. Halafu nikatulia. Sifuri kabisa? Kuna kiumbe mmoja tu anayetoa sifuri.

Nikachukua chupa nikatazama wazazi waliobaki ndani. Jike mweusi wa kibutu. Na dume — *dume!* — kahawia.

Ameoza madume! Badala ya kuchukua mabinti, amechukua kaka zao! Na dume la nzi wa matunda halichanganyi karata. Halichanganyi hata kidogo, katu, maisha yake yote. Alichopewa na mama yake anakipitisha kimefungwa kamba, alichopewa na baba yake vilevile. Jike tu ndiye mchanganyaji. Na mtu huyu anafundisha jambo hili KILA MWAKA! Ana slaidi yake! Slaidi ina nzi dume mwenye tai!

Nilimwita. Akaja mbio. Nikampisha kiti. Akatazama, akahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Nikamwona rangi inamtoka. Kisha akasema, "Nilitenga vizuri. Nadhani niligeuza trei, za madume nikazichukua kuwa za majike."

Niligeuka ili nimpigie kelele. Badala yake nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye akaanza pia. Mtu wa samaki akachungulia kuona kuna nini, akakuta wanasayansi wawili wanafuta machozi juu ya sifuri.

Nyumbani nikawasimulia. Mama mkwe akasema hilo la madume halihitaji hadubini. "Huyu mwanangu hapa — pua ya baba yake, mwendo wa baba yake, usahaulifu wa baba yake. Kuna alichochanganya?" Mume wangu akasema naomba mnipishe nile.

Sasa sicheki tena. Siku kumi na mbili zimebaki, na nzi anahitaji kumi kutoka yai mpaka bawa, akiwa na moyo mwema.

Ijumaa, 10 Oktoba

Zile chupa ambazo hazikuoshwa! Zina mabinti. Wachache, wa kuzaliwa mwishomwisho, wametoka kwenye ganda asubuhi hii na nimewatenga kabla madume hayajawafikia, lakini ni mabinti, nimewatazama tumbo mmoja mmoja, nimewatazama tena, nikamwita fundi wa maabara naye awatazame. Majike. Yamethibitishwa na macho manne.

Harusi ya pili imefungwa upya. Na mimi. Chapuchapu aliruhusiwa kushika kifuniko.

Akawa na wazo: tuongeze joto ili mayai yakue haraka!

Nilimwangalia tu. Akajisikia mwenyewe alichosema. Akakiweka kifuniko mezani, akatoka nje kupunga upepo.

Jumatano, 15 Oktoba

Viluwiluwi vinatambaa kwenye kioo. Vinakula. Sina la kuandika.

Chapuchapu ametengeneza slaidi mbili za mwisho. Moja inasema *Uteuzi umepandisha kiwango cha kuchanganya*. Nyingine inasema *Kumradhi*.

Jumapili, 19 Oktoba

Viluwiluwi vimekuwa vibuyu vidogo vya kahawia, vimenata ukutani mwa chupa, havitikisiki. Kupitia ganda naona macho mekundu. Hawajatoka. Toka, mwanangu, toka!

Naogopa. Nalitaka jibu moja tu, na sipaswi kulitaka. Mtu anayehesabu hatakiwi kuwa na timu. Lakini nina timu! Nimewapa chumvi, nimewapa siki, nimewaona wakifa kwa mafungu na wachache wakabaki, na wale wachache wakazaa wengine waliostahimili. Miaka mitatu ya msukosuko. Nataka iwe imewafanya kitu. Nataka wawe wamejifunza kuchanganya, siyo wamepata joto tu.

Mume wangu anasema nikipoteza kazi tutaishi. Nimemwambia najua tutaishi. Siyo hilo tu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Ishirini na wanne wametoka. Ishirini na wanne! Kati ya koo zote mbili! Ukiwa na nzi ishirini na wanne huwezi kusema lolote, hata kuhusu hali ya hewa. Waliochanganywa ni watano: watatu wa juu, wawili wa chini. Chapuchapu akataka kukokotoa asilimia, nikamnyang'anya kalamu.

Nzi wa matunda hutoka kwenye ganda kukicha. Kwa hiyo kundi kubwa litatoka kesho asubuhi. Na jopo ni kesho asubuhi.

Yeye anasema twende na slaidi ya tatu, itakayosema *Bado*. Jopo gani litakupa chumba kwa sababu ya *Bado*?

Jumanne, 21 Oktoba

*Saa moja asubuhi, maabara.* Wametoka!! Chupa zimejaa. Wanapanda ukuta wa kioo, mabawa bado yamekunjamana, weupe weupe. Mamia. Siwezi kuwahesabu peke yangu kabla ya kikao, haiwezekani, hata nikiwa na macho ya pembeni. Wengine bado rangi haijakolea, huwezi kumjua mweusi wala kahawia mpaka watulie kidogo.

Mama mkwe kapiga simu. Hakunitakia heri. Aliuliza kama nimekunywa chai. Nikasema bado. Akasema basi kunywa, hakuna mtu aliyewahi kupewa kazi akiwa anatetemeka.

Nimekunywa. Nimewalaza nzi wote kwenye boksi la barafu. Chapuchapu kaniuliza tunasema nini kule ndani. Nikamwambia chukua hadubini ile, mimi nachukua hii. Tunawapeleka.

Akasema wapi?

Nikasema kikaoni.

Ajabu: hakubisha. Akabeba.

*Chumba cha mikutano.* Naandika nimekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki kwa sababu sina kazi. Hadubini zangu zimekaliwa na wakubwa!

Ilikuwa hivi. Mkurugenzi alitazama boksi la barafu kama tumemletea samaki mbovu. Akasema ana nusu saa, tuanze. Chapuchapu akasimama, akafungua mdomo, akaufunga, akaniangalia mimi. Basi nikasimama. Nikawaonyesha grafu yangu nzuri, nikasema hii hapa ilikuwa ije ituombee chumba, na sasa siiamini, nikawaambia habari ya taa. Nikawaambia na habari ya madume. Mhasibu Mkuu akacheka kwa pua. Mkurugenzi hakucheka. Akauliza: kwa hiyo jibu ni lipi?

Nikasema jibu limetoka leo asubuhi, limo humu kwenye barafu, na halijahesabiwa. Nikasema siwezi kuwapa namba ambayo sina. Lakini naweza kuwafundisha kuhesabu kwa dakika moja.

Nikafungua boksi la barafu, nikatoa brashi.

Mhasibu ndiye aliyesogea kwanza. Akasema kuhesabu ndiyo kazi yake, nimpe hicho kijibrashi. Nikamwonyesha: mweusi, kahawia, mrefu, kibutu, wanne hao tu. Akakamata mara moja. Anahesabu kama anahesabu noti, hamwachi nzi apumue. Kisha mtaalamu wa mimea akavua miwani. Mgeni kutoka chuo kingine anaandika mistari ubaoni, mitano mitano, kila mmoja akiita.

Na Mkurugenzi akasimama pembeni, mikono kifuani, akitazama saa. Akatazama saa. Akatazama ubao. Akamwambia mtaalamu wa mimea kwamba amemruka mmoja. Mtaalamu akasema hajamruka. Akasema umemruka, nimeona. Akamwondoa kitini.

Sasa ana chupa ya tatu.

Nimewaficha lebo kwa karatasi ya gundi, hawajui yupi wa juu yupi wa chini. Mimi najua. Namtazama mtu anayechora mistari ubaoni, nahesabu naye. Wa juu wanaongoza. Kidogo. Nzi wanne watano tu wanaweza kuligeuza lote. Sasa hivi mhasibu ameita kahawia vibutu wawili mfululizo — wa chini hao! Aaa! Sasa wamekaribiana. Sasa mweusi mrefu, wa juu. Asante. Mwingine. Asante, asante!

Naiambia sura yangu itulie.

Mkurugenzi ameuliza, jicho halijatoka kwenye kioo: huyu wake ni mweusi, bawa moja refu, moja limekunjamana, anamweka wapi? Nimekwenda nikachungulia. Bado bawa halijanyooka, mama, limechelewa tu. Ni mrefu. Akauliza: kwa hiyo amechanganywa? Ndiyo. Akaita kwa mgeni, "Amechanganywa mmoja!" kwa sauti ambayo sikujua anayo. Kisha akaniuliza ni wa rafu ipi. Nikamwambia sisemi mpaka umalize.

Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Huyu ndiye anayeshika mkataba wangu! Aliinua kichwa akaniangalia. Nikaona nimekwisha. Halafu akasema, "Sawa," akainama tena.

Nusu saa imepita zamani. Chupa zimebaki sita, na kule maabara wengine bado wanatoka. Chapuchapu amesogea kwake polepole, amekohoa, ameanza: Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa kuwa muda wetu umekwisha, labda kwa hizi zilizohesabiwa tungeweza tayari kusema kwamba —

Mkurugenzi amemwinulia kidole bila kumtazama. "Kaa chini, Profesa. Unanipotezea hesabu."

Amekaa. Mhasibu ameinua chupa tupu hewani, anaitikisa. Anataka nyingine.